Jina Lililovuka Ziwa

Sehemu ya saba

Kama gazeti la wiki iliyopita umeshalifungia ndagala, wale dagaa wetu, usihangaike, nitakurudisha mlangoni mwenyewe. Tulimwacha Fahima nyumbani kwake Rumonge, kisu cha kukatia sabuni mkononi, na wanaume wawili wamesimama mbele ya mlango wa bluu. Yule mkubwa kiumri, mwenye kofia ya kijivu, alikuwa ametaja jina ambalo pale mtaani hakuna anayelitaja. Alikuwa amemuulizia Mardochée Lukeba.

Kwa aliyeingia leo: Fahima ndiye Mama Batuli wa mtaani, na Mardochée ni mshirika wake, fundi anayeipika sabuni ambayo Fahima anaiuza. Rumonge nzima inamwita Baba Bienfait, kwa jina la mtoto wake, na yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka. Alivuka ziwa kutoka Fizi akiwakimbia watu wenye bunduki, waliokuwa wamemlazimisha kuwaendeshea boti. Siku moja aliiwasha boti hiyo ikiwa imebeba wanawake waliotekwa, akaielekeza Burundi, akawashusha salama na hakurudi tena. Mkubwa wa watu wale aliapa kumtafuta mpaka ampate.

Haya, sasa tusimame na Fahima pale mlangoni.

"Tuliambiwa ni nyuma ya musikiti wa kijani," alisema mwenye kofia, bila haraka yoyote. "Unapita mashini ya mawese ya Mzee Uledi, unaacha bomba ya maji ku mukono wa kushoto, nyumba ya mulango wa bluu. Unauliza Mama Batuli. Ni weye?"

Maelezo yalikuwa sahihi, lakini si usahihi wake uliomtisha Fahima. Bomba lile la maji liling'olewa zamani, na mahali pake sasa pana kibanda cha kuuza mkaa. Watu wote wa mtaa ule huelekeza kwa kibanda. Ni Fahima peke yake, aliyechota maji pale tangu utoto, ambaye bado huelekeza wageni kwa bomba lisilokuwepo.

Kwa hiyo mgeni huyu asiyemjua alikuwa anamsomea maneno yake mwenyewe.

Akamuuliza ni nani aliyemwambia hayo. Mwenye kofia akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. "Ordinatère, mama, kompyuta. Kule Kigoma. Unaandika jina ya sosiete, inakuonyesha mwenyewe wake ni nani na fasi anakaa. Iko wazi kwa dunia yote."

Mwenzake, kijana mwembamba mwenye kovu shingoni, alikuwa anaangalia ua wa nyumba kupitia begani kwa Fahima. Alihesabu milango kwa macho, na Fahima alimwona akihesabu.

"Baba Bi...," Fahima akaanza, akajiuma ulimi. "Huyo mutu alienda Minago kununua mawese. Sijue atarudi lini."

Alisema uongo huo vizuri, msomaji wangu, mpaka mimi mwenyewe nilishtuka. Mwenye kofia akainamisha kichwa, akasema murakoze, asante, mara mbili, akageuka. Wakaondoka polepole kuelekea kwenye maegesho ya pikipiki, na yule mwembamba akageuka mara moja tu kuutazama mlango.

Fahima akafunga, akaegemea ukuta. Hakuwa na wa kumlaumu. Siri iliyowaleta watu wale mlangoni ilikuwa yake, na ilianza kwa jambo dogo kabisa, la kuchagua biashara yao iitweje kwenye intaneti.

Miezi michache nyuma walikaa watatu sebuleni: Fahima, mumewe Hassani mwenye kinu cha mawese kule Kizuka, na Mardochée. Sabuni ilikuwa inakwenda vizuri. Pamoja na vita kuingia mwaka wa kumi, pamoja na barabara ya Bujumbura kufungwa kila kukicha, watu walikuwa bado wananawa. Mwanamke mmoja wa Brussels mwenye duka la vipodozi alikuwa ameipenda sabuni hiyo ya mawese na alitaka kuiagiza. Alichoomba ni kwanza wawe na ukurasa wao, ambao wateja wake wanaweza kuufungua.

Basi ikaja habari ya jina. Sabunirumonge walikuwa wamekubaliana bila taabu. Ugomvi ulikuwa mkiani: liishie na .bi, yaani la hapa nyumbani Burundi, au liishie na .com, la dunia nzima?

Hassani alitaka la nyumbani. Alisema la nyumbani unaliandikisha ofisini Bujumbura, mbele ya mtu mwenye sura, na likiharibika unajua mlango wa kugonga. Wateja wa Bujumbura na Gitega wakiliona watajua hawa ni watu wetu. La dunia utamlalamikia nani, akauliza, na kwa lugha gani?

Fahima alitaka la dunia. Yule mwanamke wa Brussels alikuwa amemwandikia kitu kilichomchoma na hakukisema kwa mtu: kwamba wateja wake wakiona .bi wanaona vita kwanza, sabuni baadaye. Fahima aliona aibu. Aliionea aibu nchi yake, na kisha akaona aibu kwa kuionea aibu, na katikati ya aibu hizo mbili akasema tu kwamba .com inauza zaidi.

Mardochée ndiye aliyemaliza maneno. Hakuwa msemaji sana, lakini siku ile aliweka kikombe chini akamwangalia Fahima usoni.

"Mama Batuli, miye naomba ibakie hapa hapa," alisema. "Huko kwingine sijue nani anasoma."

Yakaisha. Wote watatu wakakubali .bi, na Fahima akatumwa Bujumbura kuandikisha.

Alikwenda na msafara, askari mbele na askari nyuma, amekaa juu ya katoni za sabuni na moyo mkononi. Kule ofisini wakamwambia kuna karatasi inapungua na mkubwa hayupo, arudi wiki ijayo. Arudi kwa barabara ipi? Wiki ile basi moja lilikuwa limechomwa karibu na Muhuta. Fahima alitoka pale amekasirika, akavuka mtaa, akaingia kwenye duka la intaneti la binti anayeitwa Ange.

Ange alimwambia .com inapatikana palepale, kabla chai haijapoa. Mdogo wake Fahima, Jamali, anaishi Ubelgiji na akalipa kwa kadi yake. Ikabaki kujaza mwenye jina ni nani.

Hapa ndipo pananiuma, msomaji, kwa sababu hapa Fahima alitaka kutenda wema. Rumonge yote ilikuwa inasema sabuni ya Fahima, na yeye alikuwa anaitikia. Hakuwahi hata siku moja kumsahihisha mtu kwamba ujuzi ni wa Baba Bienfait, kwamba yeye ndiye anayejua mawese yachemke mpaka rangi gani na soda iingie lini. Hilo lilikuwa linamkera rohoni muda mrefu. Akasema, angalau huku mbali, huku kwa Wazungu, haki ya mtu iandikwe. Akamtajia Ange jina kamili, Mardochée Lukeba, fundi sabuni na mwenye mali. Kwenye umiliki la kwake hakuliweka kabisa.

Ange akauliza adresse, yaani anwani. Fahima akacheka. Nani Rumonge ana namba kwenye nyumba? Akamwelekeza kama unavyomwelekeza shangazi anayeshuka kwenye basi kwa mara ya kwanza: musikiti wa kijani, mashini ya Mzee Uledi, bomba ya maji, mulango wa bluu, uliza Mama Batuli. Ange akaandika yote, neno kwa neno.

Aliporudi nyumbani wakamuuliza, imekuwaje? Fahima akajibu kwamba imekuwa kama tulivyokubaliana. Tangu siku hiyo, kila Hassani alipouliza mbona karatasi za kufungia sabuni hazijachapwa na jina jipya, Fahima alikuwa anasema mchapaji ameishiwa wino. Wino gani huo usiokuja miezi yote hiyo? Lakini mume anayempenda mkewe haulizi sana.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa Fahima akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia ziwani.

Banda la sabuni liko karibu na pale wavuvi wanapovutia mitumbwi, upande wa miti ya michikichi. Mardochée alikuwa amesimama juu ya pipa linalochemka, mwiko mrefu mikononi, jasho linamtiririka. Alipomwona Fahima akatabasamu, na tabasamu hilo lilimuumiza kuliko tusi.

Njiani alikuwa amejipanga kusema yote. Alikuwa ameshayaweka maneno mdomoni: nilidanganya, nilichagua ile ya dunia, nikaandika jina lako na njia ya kufika kwako. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kingine.

"Baba Bienfait, nasikia askari watapekua mutaa wetu leo. Wanatafuta Wakongomani wasio na karatasi. Uende Kizuka kwa baba mukubwa wa Hassani, ukae huko kidogo."

Mardochée hakuuliza swali. Watu waliokimbia mara moja hawaulizi maswali. Alisema tu kwamba atamimina kwanza hili pipa kwenye makasha, maana sabuni ikigandia humo ni hasara kwa wote wawili, kisha atapita kichakani mpaka Kizuka.

"Murakoze, dada," akaongeza. "Mungu aliniletea ndugu hapa."

Fahima alirudi nyumbani amebeba neno hilo. Ndugu. Alijiambia kwamba amemwokoa, na amemwokoa bila kumvunjia moyo, na kwamba ukweli unaweza kusubiri mpaka vumbi litulie. Nawajua watu wa aina hii, nami nimo. Huwa tunasema ukweli utasubiri, tukijua kabisa ni sisi tunaosubiri.

Alipofika uani alimkuta Kabibi, mke wa Mardochée, anayekaa naye ua mmoja, amerudi kutoka sokoni. Kabibi ni mwanamke mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa. Aliolewa hapahapa Rumonge, na kwa ajili ya vita hajawahi kumwona hata mtu mmoja wa ukoo wa mumewe. Mumewe naye alipoulizwa habari za kwao alikuwa anasema wametawanyika, basi. Kwa wanawake wenzake Kabibi hulalamika kwamba ameolewa na mtu asiye na kwao, kwamba hana hata wifi wa kugombana naye.

Kabla Fahima hajavuta pumzi, pikipiki ya Hassani ikaingia kwa kishindo. Hassani akaruka chini bila hata kuizima.

"Mama Bienfait," alimwambia Kabibi, "toa nguo nzuri. Shemeji yako iko hapa."

Fahima akakaa kwenye kasha la sabuni.

Hassani alieleza huku anapangusa vumbi usoni. Pale kwenye maegesho ya pikipiki alikutana na wanaume wawili wakitafuta usafiri wa Minago. Mmoja, mwenye kofia ya kijivu, alipomsikia Hassani akiitwa Baba Batuli alimshika mkono, machozi yakamtoka mbele ya watu. Akasema anaitwa Mulamba. Akasema ni kaka mkubwa wa Mardochée, tumbo moja, na kwamba ametoka kambini Tanzania kumtafuta mdogo wake aliyempotea miaka hii yote. Nyumbani kwa Hassani alikuwa amefika, akaambiwa ndugu yake yuko Minago. Kwa hiyo anatangulia Minago, atamsubiri pale penye soko la samaki; pikipiki ikawachukua kabla Hassani hajamwambia kwamba Mardochée hayuko huko.

Msomaji, hebu jiweke kwenye lile kasha. Fahima aliona damu ikimrudia mwilini. Hawakuwa wauaji! Alikuwa ni kaka. Jina lile alilolipeleka duniani kwa ujinga wake halikuleta bunduki, lilileta ndugu. Alitaka kucheka na kulia. Kisha likamjia la pili, kwamba huyo kaka yeye ndiye aliyemfukuza mlangoni kwa uongo, akamtupa kwenye barabara ya Minago, ambako tangu juzi milio ya risasi inasikika kwenye michikichi ya juu.

"Umewaambia ni Minago?" Hassani alimuuliza mkewe. "Kwa nini Minago?"

Fahima alijibu kwamba aliogopa, hakuwajua. Hassani akakubali kwa kichwa, maana siku hizi nani haogopi. Ila akabaki na jambo moja lililomkwaruza.

"Walifikaje hapa mulangoni? Nani aliwaelekeza?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Pengine ndipo palikuwa pa mwisho. Mumewe alikuwa na furaha, asingekasirika sana. Fahima alitazama kucha zake zenye sabuni.

"Ndugu akitafutwa anapatikana," akasema.

Kabibi hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka, amevaa kitenge chake cha harusi, kanga mkononi ya kumfunika shemeji mabegani kama inavyompasa mgeni wa ukoo. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Kwao, alisema, mke ambaye shemeji yake mkubwa amerudishwa mlangoni hana uso wa kukaa kwenye nyumba hiyo. Ni lazima aende mwenyewe, apige magoti barabarani, amwombe msamaha na kumrudisha. Asingemngoja mumewe. Mumewe watamletea kaka mpaka mikononi.

Hassani akaangalia jua. Bariyeri ya Minago, kizuizi cha askari pale pa kutokea mjini, inafungwa jioni, na ukiikuta imefungwa unalala huko ulikokwama. Akamwambia apande upesi. Fahima alisimama, akafungua mdomo, akaona Kabibi anamwangalia kwa uso unaong'aa. Akaufunga.

Wakaondoka. Fahima akabaki na kisu, na makasha, na kitu kifuani ambacho alijaribu kukiita furaha.

Sasa ilibidi amzuie Mardochée asiondoke kwenda Kizuka, asije akapishana na kaka yake. Akarudi ziwani mbio. Safari hii alikuwa na habari njema ya kutangulia ile mbaya, na hilo lilimpa nguvu. Alipanga kuanza na Mulamba. Mtu aliyerudishiwa kaka husamehe mengi.

Alimkuta amemaliza kumimina. Sabuni ilikuwa imelala kwenye makasha, ya njano, inatoa mvuke. Mardochée alikuwa anafunga mfuko wake mdogo, shati moja, sufuria moja.

"Usiende," Fahima akasema, akitweta. "Hakuna upekuzi. Nilikudanganya. Walikuja watu asubuhi wanakutafuta kwa jina lako."

Mardochée akanyooka.

Fahima akayamwaga yote, maana sasa hakukuwa na kurudi nyuma. Akamwambia juu ya ofisi iliyomrudisha, Ange, ile .com, jina lake kamili na njia ya kufika. Akamwambia jinsi alivyotaka haki yake ijulikane. Akamwambia kwamba miezi yote hii kila akimwona alikuwa anataka kusema, na kila siku ilikuwa inakuwa ngumu zaidi ya jana. Alisema nina hatia, sijui nitakulipa nini. Hakujitetea sana, nampa sifa hiyo.

Macho ya Mardochée yalikuwa ziwani, upande wa milima ya Fizi, ambayo siku isiyo na ukungu unaiona kutoka pale bandani.

"Lakini Mungu amegeuza, Baba Bienfait," Fahima akaharakisha. "Haikuwa wao. Ni kaka yako. Ni Mulamba. Hassani na Kabibi wameshaenda Minago kumuchukua."

Mfuko ulianguka chini. Sufuria likalia juu ya jiwe.

"Unasema nani?"

"Mulamba. Kaka yako mukubwa."

Mardochée alikaa juu ya ukingo wa kasha, na mkono wake ukazama kwenye sabuni ya moto, wala hakuutoa.

"Mulamba nilimuzika miye," alisema. "Alikataa kuwabebea masanduku yao, wakamupiga pale pale. Wakanipa jembe. Nilichimba, nikamulaza, nikamufunika. Na wale wenye kumuua walisimama pembeni wananiangalia."

Fahima hakuhitaji kuelezwa. Kwenye ufuo ule Mardochée hakuwahi kumtajia mtu jina la Mulamba, hata mkewe. Waliolijua ni wale waliokuwa kando ya kaburi. Na mtu yule mwenye kofia hakuamini uongo wa Minago hata kidogo. Alijua kwamba mwanamke aliyeanza kusema "Baba Bi" anaficha mtu, akatafuta njia ya kumfanya anayefichwa aje mwenyewe. Machozi pale kwenye maegesho ndiyo ilikuwa njia yenyewe.

"Mutumbwi wa Modeste unaondoka sasa kwenda Nyanza," Fahima alisema. "Panda. Nenda. Miye nitakimbia mpaka bariyeri, nitawafikia, nitawarudisha."

Mardochée akautoa mkono kwenye sabuni. Ngozi ilikuwa nyekundu mpaka kiwiko. Aliangalia mtumbwi ule, mvuvi Modeste akiusukuma majini, nafasi ikiwapo. Ungechukua mtu mmoja bila shida. Aliutazama kwa muda ambao Fahima aliuona mrefu kuliko vita vyote.

"Kabibi alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Kitenge cha harusi."

Akapiga hatua kuelekea barabarani. Hakuchukua mfuko.

Walikwenda pamoja, yeye mbele, Fahima nyuma, akimwomba arudi, kisha akinyamaza, kisha akiomba tena. Mardochée hakumtukana wala hakumkemea. Angalau angemtukana. Walipita kinu cha Mzee Uledi, watu wakasalimia Baba Bienfait, amahoro, naye akaitikia amahoro kama siku zote.

Bariyeri ya kutokea mjini ilikuwa mwanzi mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tayari ulikuwa umeshushwa. Mwanajeshi kijana alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula karanga. Fahima akamwuliza kama pikipiki yenye mwanaume na mwanamke imepita.

"Yego, imepita. Ndiyo ya mwisho," alisema yule kijana. "Yule mama alikuwa anacheka sana. Alituambia anaenda kupokea shemeji."

Fahima akamsihi atume mtu, apige simu, afanye lolote. Akasema kuna watu wabaya mbele. Mwanajeshi akamwambia watu wabaya wako kila upande, mama, ndiyo maana tumefunga. Kisha akamtazama Mardochée, aproni yake iliyokauka sabuni, mkono wake ulioungua. Akaacha kutafuna.

"Weye ni Mardochée Lukeba?"

Miaka yote ile hakuna askari aliyewahi kumwita hivyo. Fahima alijaribu kuwahi kujibu. Alitaka kusema huyu ni Baba Bienfait, ni fundi wa sabuni, muulize mtu yeyote. Ulimi wake, uliokuwa mwepesi tangu asubuhi, ulimgoma.

"Kaka yako alipita mapema," mwanajeshi akaendelea. "Mutu muzuri, alitununulia bia. Alisema mudogo wake atakuja nyuma, tusimuzuie hata kama tumefunga. Ni weye?"

Kutoka mbali, upande wa Minago, ukasikika mlio mmoja, halafu kimya. Ungeweza kuwa risasi. Ungeweza pia kuwa bomba la pikipiki mbovu.

"Ni miye," Mardochée alisema.

Mwanajeshi akauinua mwanzi. Mardochée akapita chini yake bila kuinama sana, akaendelea kutembea katikati ya barabara tupu. Fahima akamfuata, na mwanzi ukashuka mbele ya kifua chake.

"Weye hapana, mama," kijana alisema, akirudi kwenye kiti chake na karanga zake. "Walituachia jina moja tu."